Taa ya Njano Katika Gari la Baba

Baba alipostaafu kazi ya kupima majani katika kiwanda cha chai, alinunua gari. Mama alikuwa anataka ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi. Walibishana jambo hilo tangu msimu wa kupanda mahindi hadi wa kuvuna, kwa upole, kama walivyobishana mambo yote, na mwishowe Baba akaja nalo: stesheni wagoni ya Kijapani, ya dizeli, rangi ya samawati iliyofifia, iliyokuwa ya daktari wa mifugo aliyehamishwa. Mama alilizunguka mara moja, akalipiga teke gurudumu, akasema, "Basi tutaona kama litakamuliwa."

Tulikaa Kimulot, juu kabisa, mahali ambapo mashamba ya chai yanakwisha na msitu wa Mau unaanza. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri. Barabara yetu ilikuwa ya udongo mwekundu uliogeuka sabuni, na gari lile likawa na kazi nyingi kuliko ng'ombe yeyote. Lilipeleka watu hospitali, likaleta mbolea, likabeba viti vya harambee. Ndani lilinuka dawa ya kuogeshea mifugo, harufu ambayo haikutoka hata Mama alipolisugua kwa sabuni ya kipande.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule na nilikuwa nyumbani nikingoja kuitwa chuo cha ualimu. Nilichuma chai asubuhi, na mchana nikawa karibu na Baba, ambaye alikuwa anajifunza gari lake akiwa mzee. Kuendesha alijua, kwa maana kiwandani alikuwa amewahi kupewa pikapu. Kilichomshinda ni zile taa ndogo zilizopangwa mbele ya usukani.

Alianza kwa kuzidharau. Siku moja alikwenda Litein na kurudi huku taa moja nyekundu ikiwaka njia nzima. Alifika nyumbani magurudumu ya nyuma yakitoa moshi na harufu ya kitu kilichoungua. Kumbe handibreki ilikuwa imeinuliwa tangu atoke nyumbani. Mama alimwaga debe la maji kwenye gurudumu, mvuke ukapanda kama wa ugali. Kuanzia siku ile Baba aliziheshimu taa zile kama watu wanavyoheshimu Amri Kumi. Alikuwa akiwasha gari, anakaa kwanza anazitazama zote, moja moja, mpaka zizimike, ndipo anavua kofia na kusema, "Twende."

Kwa hiyo Jumapili ile taa ya njano ilipowaka tukiwa njiani kwenda kanisani, Baba alisimamisha gari katikati ya mlima wa Mogogosiek, papo hapo, bila hata kusogea pembeni.

Tulikuwa watano. Baba na Mama mbele. Nyuma nilikuwa mimi, dada yangu mkubwa, na mzee mmoja wa kanisa tuliyezoea kumchukua langoni mwake. Dada alikuwa ameshachumbiwa, na harusi yake ilikuwa imetangazwa kanisani, kwa hiyo siku hizo kila mtu alikuwa akimwangalia, naye alikuwa amevaa nguo asiyotaka ikunjwe.

"Kuna taa mpya," Baba alisema.

Mama aliinama. "Imeandikwa nini?"

"T, halafu kamstari, halafu BELT."

"Belt ni mkanda," dada alisema kutoka nyuma.

Baba alifikiri. Gari lilikuwa linatetemeka pale mlimani, na nyuma yetu mtu wa punda alikuwa amesimama akingoja. Kisha uso wa Baba ukafunguka. "Tie," alisema. "Tie belt! Funga mkanda. Gari limeona hatujafunga mikanda."

Hakuna aliyekuwa amewahi kufunga mkanda katika gari lile. Ile ya mbele ilikuwepo, imekauka kwa vumbi. Mama alikuwa mama mwenye mwili, na mkanda wake ulivutwa mpaka ukafika, ukamkata katikati ya gauni la kanisa. Nyuma tulitafuta chini ya kiti. Tulipata mkanda mmoja na nusu, karanga za zamani, na sirinji kubwa ya kudungia ng'ombe. Dada alipewa ule mzima kwa sababu ya harusi. Mimi nilijifunga ile nusu kwa kupiga fundo. Mzee wa kanisa alibaki bila kitu.

"Mpe leso yako," Baba alimwambia Mama.

Mama alitoa leso begani. Tulimpitishia mzee wa watu kifuani, tukamfunga kwenye mshikio wa mlango. Alikubali kwa unyenyekevu mkubwa, Biblia mapajani.

Baba aligeuka akatukagua. "Nani hajafunga?"

"Tumefunga wote."

"Mbona taa haizimi? Kuna mtu amelegeza."

Tukaenda hivyo hivyo mpaka kanisani, tumenyooka kama mizigo, na taa ikiwaka. Tulipofika, mzee hakuweza kushuka. Fundo lilikuwa limekaza, na mlango ulipofunguliwa alifunguka nao, nusu ndani na nusu nje, mbele ya kwaya nzima. Dada alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mama ndiye aliyelifungua fundo lile kwa meno, huku akicheka hadi machozi yakamtoka, na mzee wa kanisa naye akaanza kucheka, na mpaka leo nikiwaza furaha ya watu wazima ninaiona picha ile.

Baada ya ibada wanaume walilizunguka gari. Kila mmoja alikuwa na maoni. Mwalimu mmoja aliyestaafu alisema kwamba T ni kifupi cha tea, na tea belt ni ukanda wa chai, yaani sehemu zetu hizi. Wajapani ni watu wa maarifa, wameweka kitu cha kujua gari limefika wapi. Baba alilipenda wazo hilo, lakini akauliza mbona taa haikuwaka siku zote, na sisi tumezaliwa katika chai. Mwalimu akasema labda gari lilikuwa bado linahesabu.

Nimewahi kufikiri baadaye kwamba katika maneno yote yaliyosemwa siku ile, hilo la kuhesabu ndilo lililokaribia ukweli.

Baba alilirudisha gari nyumbani polepole, akaliegesha chini ya mkaratusi, akalifunika kwa magunia ya mbolea. "Halitoki hapo mpaka nijue linataka nini," alisema. Alianza tena kutembea kwa miguu. Mama naye alikuwa na wasiwasi mwingine. Mama yake, nyanya yetu, ambaye sisi tulimwita Kogo, alikuwa akiishi Mulot kwa mjomba, kule chini kwenye joto na mahindi na mifugo. Miguu ilikuwa imemsumbua, na hakuwa amepanda huku kwetu kwa muda mrefu. Alikuwa ameahidiwa kwamba ataletwa kwa harusi ya mjukuu wake kwa gari la mkwe wake, akiwa amekaa mbele. Ahadi hiyo alikuwa ameshaitangaza Mulot nzima.

"Mama yangu hatapanda magari ya sokoni na magoti yale," Mama alisema.

"Nami sitamuua mama yako kwa taa," Baba alijibu.

Aliyetuokoa hapo ni jirani yetu mmoja, dereva wa lori la kiwanda lililokusanya majani kwenye vituo. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, amepanga nyumba ya mabati karibu na kituo cha kununulia chai, na jioni alikuja kwetu kuchukua maziwa. Yeye na Baba walikuwa marafiki wa kazini. Walizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho walichokuwa nacho wote wawili, kila mmoja akikipinda kwa njia yake.

"Mzee, kwa nini umevalisha gari magunia?" aliuliza.

Baba alimweleza. Dereva aliondoa magunia, akaingia, akawasha. Akaitazama taa. Akauliza namna tulivyoifasiri, na tulipomwambia habari ya leso, alilaza kichwa kwenye usukani akacheka mpaka honi ikalia.

"Wacha nikuambie, mzee. Hii ni taiming belt. Ndani ya injini kuna mkanda wa mpira, una meno. Umeona watu wawili wakipasua mbao kwa msumeno mmoja? Mmoja akivuta, mwingine anaachilia. Sasa mkanda ndio unafanya juu na chini ya injini wasikilizane hivyo. Ukikatika, kila mmoja anavuta wakati wake. Vyuma vinagongana, na injini imekwisha."

Baba alishuka garini kana kwamba mkanda utakatika kwa uzito wake. "Kwa hivyo umekatika?"

"Hapana. Ungekatika, hungefika kanisani."

"Umechoka?"

"Gari haijui kama umechoka. Hiyo taa haioni mkanda. Inahesabu kilomita peke yake. Ikifika laki moja, inawaka kukuambia, mzee, umetembea sana, badilisha. Ni kukumbusha tu."

"Kukumbusha," Baba alirudia. Nilimwona akilipima neno hilo. Alikuwa amezoea kwamba taa ni hukumu. Hakujua gari linaweza kukumbusha tu, kama mtu anavyomwambia mwenziwe aufunge mlango kabla ya mvua.

Walikwenda pamoja hadi Kapsoit siku dereva hakuwa kazini, mimi nikiwa nyuma, kwa sababu dereva alimjua fundi mmoja huko aliyekuwa amezoea injini za dizeli za Kijapani. Fundi alifungua mbele ya injini akautoa mkanda wa zamani. Ulikuwa na nyufa ndogo ndogo mgongoni, kama kisigino cha mchuma chai. Akaweka mpya. Baba aliuomba ule wa zamani, akaubeba nyumbani ndani ya gazeti ili Mama auone.

Lakini tulipowasha gari kuondoka Kapsoit, taa ya njano ilikuwa bado inawaka.

Baba alimtazama fundi. Fundi akaitazama taa. Alikuna kichwa, akasema yeye anajua mkanda, hajui hiyo taa; wengine huitoa balbu wakaisahau. "Niitoe?" Baba alikataa. Alisema kitu kikikukumbusha jambo, huking'oi ulimi. Tukarudi nyumbani na taa yetu, mkanda mpya ndani, na toka Kericho mpaka Litein Baba akawa anaitupia macho. Shaka ilikuwa imemwingia. Pengine fundi hakuweka mkanda mpya. Pengine aliweka wa gari lingine. Dereva alimwapia kwamba aliuona kwa macho yake, lakini Baba alikuwa mtu wa mizani. Maisha yake yote, mshale ulisema na yeye akaandika. Sasa mshale ulikuwa unasema mkanda haujabadilishwa.

Aliyelitatua jambo hilo ni Mama, na alilitatua kwa kufuta vumbi.

Ilikuwa wiki ya kwenda kumchukua Kogo. Mama aliingia garini na kitambaa kilicholowa akaanza kusafisha mbele ya usukani, kila pembe, kwa kuwa mama yake alikuwa na macho ya kuona uchafu kuliko ya kuona njia. Akaniita.

"Hiki ni nini?"

Kwenye kioo cha mita, chini ya namba za kilomita, kulikuwa na kitu cheusi kidogo kama punje ya hindi. Nilidhani ni uchafu. Mama alikikwaruza kwa ukucha. Kilikuwa kizibo cha mpira. Aliking'oa, na nyuma yake kukawa na tundu jembamba.

Baba alikuja mbio. "Usiguse! Unaharibu!"

"Ni tundu," Mama alisema. "Na lilikuwa limezibwa."

"Basi lizibe!"

"Hakuna mtu anayeziba tundu lisilo na kazi, Baba watoto. Hili limewekewa kizibo ili lifunguliwe." Alichomoa pini katika nywele zake, akainyoosha kwa meno. "Washa gari."

Nilimwona Baba akitaka kukataa. Halafu nadhani alikumbuka kwamba mwanamke huyu alikuwa amewahi kutengeneza redio kwa kijiko. Aliwasha. Mama aliingiza pini, akasukuma taratibu. Kitu kilitoa mlio mdogo ndani, tiki, na taa ya njano ikazimika.

Baba alizima injini. Akawasha. Taa zote zikaja, kama zilivyozoea kuja pamoja mwanzoni, na injini ilipokamata zote zikaondoka pamoja. Akazima tena, akawasha tena. Jioni ile dereva alipokuja kuchukua maziwa alionyeshwa, na kabla ya kulala mzee wa kanisa naye alikuwa ameitwa akaonyeshwa. "Ilikuwa inangoja kuambiwa tu," Baba alimweleza kila mtu. "Yenyewe ilihesabu. Ikamaliza. Sasa inahesabu upya." Alisema hivyo kwa fahari kana kwamba pini ilitoka kwenye nywele zake.

Ubaya wake ni kwamba Baba sasa alijiona fundi. Kabla ya safari ya Mulot alibadilisha oili mwenyewe, chini ya mkaratusi, amelala juu ya magunia. Alibadilisha na chujio lake. Alitoka hapo amepakaa mafuta meusi hadi masikioni, anafanana na mtu aliyefanya kazi ya maana, na Mama akampigia makofi.

Tulimchukua Kogo asubuhi. Mulot nzima, au sehemu yake iliyohusika, ilikuwa imesimama kumwona akipanda. Alikaa mbele kama alivyoahidiwa, amejitanda shuka mpya, kibuyu cha mursik mapajani, yale maziwa yaliyogandishwa kwa mkaa wa mti, ambayo hakukubali yawekwe nyuma. Mama na mimi tulikaa nyuma na kuku wawili wa mjomba. Barabara ilikuwa na mashimo, na malori ya ng'ombe yakatupita yakielekea Narok. Baba aliendesha vizuri. Alimweleza mama mkwe wake habari za kila taa, kwa heshima, bila kumtazama usoni.

Tulipokuwa tunakaribia Longisa, Kogo alisema kwa Kikipsigis, "Kuna jicho jekundu hapo."

Baba alitupa macho. "Usijali, Mama. Inakumbusha tu."

Mama alinyoosha shingo katikati ya viti. "Inakumbusha nini?"

"Pengine kilomita. Tutaisukuma kwa pini tukifika."

"Ile ya kukumbusha ilikuwa ya njano," Mama alisema. "Hii ni nyekundu. Ina picha gani?"

"Kama birika. Inadondosha kitu."

"Zima."

"Tumebakisha..."

"Baba watoto, zima gari sasa hivi!"

Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumsikia Mama akimwinulia Baba sauti, na kwamba alifanya hivyo mbele ya mama yake mzazi lilikuwa jambo kubwa mno. Baba alizima. Gari lilitambaa lenyewe likasimama pembeni, kwenye nyasi. Katika kimya kile tulisikia kuku, kisha tone likianguka chini ya injini, kisha lingine.

Baba alishuka akalala chini. Nyuma yetu, kwenye vumbi la barabara, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba uliotufuata toka tulikotoka. Aliinuka polepole. Chujio alilolifunga kwa mkono wake lilikuwa limelegea kwa mitikisiko, na oili yote ilikuwa inakwenda.

Alimtazama Mama. Nilingoja kitakachosemwa. Mama angeweza kusema mengi, na Kogo alikuwepo kumsaidia. Lakini alifungua leso yake begani, akampa. "Lishike kwa hii," alisema. "Mikono yako ina mafuta, itateleza."

Baba alilikaza chujio kwa leso ile mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nilitumwa mbele, mahali tuliposikia mlio wa kinu cha kusaga mahindi. Mwenye kinu alikuwa mzee mweupe wa unga hadi nyusi. Injini yake nayo ilikuwa ya dizeli, na alikuwa na debe la oili. Alinifuata hadi garini akilibeba yeye mwenyewe, akachungulia, akapima kwa kijiti, akamimina kidogo kidogo. Alipomwona Kogo mbele, alivua kofia, wakaanza kuulizana habari za ukoo. Ikabainika kwamba mama zao walikuwa wa ukoo mmoja. Basi kibuyu kilichokatazwa kuwekwa nyuma kikafunguliwa pale pale barabarani, na mwenye kinu akanywa wa kwanza, kisha Baba, aliyekunywa akiwa amesimama, mikono yote miwili myeusi.

Baba aliwasha gari. Taa nyekundu ilibaki kidogo, kisha ikazimika. Hakuondoa gari mara moja. Alikaa akizitazama taa zote.

"Ya njano tunaongea nayo," alisema mwishowe. "Nyekundu tunasimama."

"Ndiyo," Mama alisema.

"Ungenyamaza, injini ingekwisha."

Hayo aliyasema mbele ya mama mkwe wake, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Kogo aligeuza kichwa akatazama mashamba ya mahindi upande wa dirisha, kama mtu asiyesikia, ila nilimwona akitabasamu.

Tulifika Kimulot mvua ya alasiri ikianza. Dada alitoka mbio na mwavuli, watu wakaja kumshusha Kogo, naye akakataa kushuka mpaka kila mtu amwone amekaa mbele. Mama aliingia jikoni kuwasha moto. Baba alibaki nje kidogo, mvua ikimnyeshea. Alifungua boneti akaingiza mkono kushika chujio tena, akaridhika, akafunga. Kisha akaenda jikoni, mahali ambapo wanaume wa rika lake hawakuwa na mazoea ya kukaa, akavuta kigoda karibu na Mama, akaanza kumenya viazi.